Fundi wa Dilala anayelidai jina la kaka yake kutoka kwenye gurudumu

Saa kumi na mbili asubuhi, Glodie Mbayo anazungusha jante, rimu ya gurudumu, iliyopinda juu ya chuma chembamba, chaki mkononi karibu na ukingo. Chaki inapogusa, hapo ndipo pametoka nje. Anatia alama, anawasha moto wa gesi, anavuta jeki.

Pikipiki inasimama. Kijana anashuka na jante mbili za aluminiamu begani.

"Mama kwado, jambo. Nimekuletea Kalenga mbili. Moja imepinda mubaya."

Kwado ndivyo anavyoitwa hapa fundi wa matairi. Glodie anazima moto.

"Umeniletea nini?"

"Kalenga."

"Rudi nayo."

Kijana anacheka, akidhani ni mzaha. Lakini fundi amekwisha kumpa mgongo. Kijana anabaki ameduwaa, mzigo begani.

"Mi sijaona kwado wa kufukuza batu!"

"Leo umeona."

Glodie ana miaka ishirini na minane. Kibanda chake kiko mtaa wa Dilala, mjini Kolwezi, kando ya njia ya malori ya madini. Malori yanachimba mashimo barabarani, na mashimo yanapinda jante za magari ya mbio ambayo wanunuzi wa madini wanayaagiza kutoka ng'ambo. Magari hayo yako chini kama yanataka kulamba lami. Kunyoosha jante moja ni faranga elfu ishirini. Wiki nyingine analetewa kumi, wiki nyingine hapati hata moja, anabaki na viraka vya pikipiki.

Kiwandani jante zinapewa herufi na namba. "Nani atashika bitu kama bile kichwani?" anauliza. Basi akaanza kuzibatiza mwenyewe. Yenye mapanga yaliyopinda ni Nzilo, kwa sababu inafanana na mitambo ya umeme ya bwawa la Nzilo. Yenye matundu madogo mengi ni Kichungi. Nyeupe tupu ni Bibi Harusi, haitaki vumbi, na Kolwezi ni vumbi tupu. Waendesha taxi-moto, pikipiki za abiria, waliyabeba majina hayo hadi mtaa wa Manika, na wauza vipuri sokoni wakayachukua.

Yenye vyuma vitano vilivyoachana ikawa Kalenga. Watu walidhani ni jina la mwanamuziki, au la tajiri fulani. Hakuna aliyeuliza.

Kalenga alikuwa kaka yake.

Jumapili moja, miezi miwili iliyopita, baba yao, Tata Edouard, alipita kibandani baada ya misa. Alikaa juu ya tairi kuukuu, kofia gotini. Alikuwa na habari njema: Mamie, mke wa mdogo wao Mechack, alikuwa na mimba, na mzee alikwisha kuchagua jina. Awe wa kiume, awe wa kike, mtoto ataitwa Kalenga. Katika ukoo wao, jina la marehemu linangoja mtoto wa kulivaa. Anayelivaa hatukanwi ovyo, na babu humwita kwa heshima ya yule aliyeondoka.

Mzee hajamaliza, gari dogo la mizigo likasimama. Stany, muuza vipuri wa Manika, akapiga kelele kutoka nyuma ya gari:

"Glodie! Kalenga ine! Tatu ni nzima, moja imepasuka, hii ni ya kutupa!"

Akaivurumisha chini. Jante ikabiringika, ikayumba, ikalala miguuni mwa mzee.

"Nani amepasuka?" aliuliza Tata Edouard.

"Kalenga, tata. Hii jante. Kolwezi yote banaiita vile."

"Nani alitoa ile jina?"

Stany akacheka, akanyoosha kidole. "Mutoto wako mwenyewe!"

Glodie anasema alitamani kujificha chini ya gari. Baba yake hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomuogopesha.

"Jina tulikuwa tunaiwekea mutoto wa Mamie. Wewe umeivalisha chuma ya kupigwa teke? Basi imekwisha. Katika nyumba yangu hakuna mutoto atabeba jina ya kitu ya kutupa."

Akavaa kofia, akaenda.

Mamie alilia usiku kucha. Mechack hakutaka kumsemesha dada yake. Glodie alijua kuna njia moja tu ya kujieleza, nayo ilikuwa siri aliyoifunga kifuani miaka sita.

Kalenga alikuwa mchimbaji wa madini. Alikuwa na salamu yake: aliinua mkono wote juu, vidole vitano vimeachana, hata taxi-moto zilisimama zikidhani zinaitwa. "Yaya, shusha mukono, tutalipa motari wangapi?" Glodie alikuwa akimtania; yaya ndivyo wanavyomwita ndugu mkubwa.

Siku shimo lilipobomoka, Tata Edouard alikuwa safarini kaskazini, kwao. Aliporudi walimwambia mwanawe alikutwa amelala kama aliyesinzia. Ni uongo wa huruma. Glodie alikuwepo pale shimoni. Wachimbaji walipofukua, kitu cha kwanza kutokea kwenye udongo kilikuwa mkono. Umesimama, vidole vimeachana. Hata kabla ya kuona uso, alijua ni nani.

Mwaka mmoja baadaye, mteja aliangusha jante kwenye tope mbele ya kibanda. Ilizama nusu, vyuma vyake vikabaki juu. Glodie alisikia mdomo wake mwenyewe ukitamka, "Kalenga." Mteja akadhani ndilo jina la jante hiyo.

Baada ya ugomvi ule, Glodie aliyasema hayo yote sebuleni kwa baba yake, amesimama. Mzee alishika ukingo wa meza kama nyumba inayumba.

"Bidole bilikuwa wazi?"

"Wazi, tata."

"Alikuwa anaita batu ao alikuwa anasalimia?"

"Mi sijui, tata." Glodie alishindwa kumtazama. "Mi niliona kama anasalimia."

Mzee alifuta uso kwa kofia. Kisha akasema, "Basi irudishe jina. Mutoto iko njiani. Isizaliwe ikute jina yake iko inabiringika kwa njia."

Ndiyo sababu leo mteja amefukuzwa. Jante ya vyuma vitano sasa inaitwa Salamu, na asiyeitaja hivyo hahudumiwi. Wengine wamehamia kwa mafundi wengine. Wengine wanakuja wanamchokoza: "Nimeleta Ka... pole, mama, Salamu!" Stany alibisha wiki nzima. Alipoelezwa chanzo cha jina alikaa chini, mdomo wazi, na tangu siku hiyo anawasahihisha wauzaji wenzake sokoni.

Tata Edouard naye anakuja kila asubuhi. Anakaa juu ya tairi lile lile, fimbo kati ya magoti, anasikiliza. Kijana wa jante mbili bado amesimama pale. Mzee anamwita.

"Kalenga iko katika tumbo ya mama yake, haijatoka. Wewe umebeba nini?"

Kijana anamtazama mzee, anamtazama fundi. "Sasa niseme nini, tata?"

"Salamu."

"Haya. Nimeleta Salamu mbili."

Glodie anawasha moto tena. Mamie anatazamiwa kujifungua mwezi huu. "Mi ninaomba kitu moja," anasema, macho kwenye chaki. "Siku moja mutu aite Kalenga hapa njiani, na mutoto ndiye ageuke."

Malori yanapita, hakuna anayesikia mwenzake. Ng'ambo ya barabara, dereva wa gari jekundu la mbio, lenye gurudumu moja lililopinda, anapiga kelele bure. Mwishowe anatoa mkono dirishani na kuuinua juu, vidole vitano vimeachana, kuuliza kama anaweza kuleta Salamu yake.

Nyundo inamponyoka Glodie.

Tata Edouard anasimama polepole, akiegemea fimbo. Anautazama mkono ule. Kisha anainua wake, vidole vimeachana, na kumwitikia.