Mlango wa Mama Kalekye

Kijana wetu alienda Korea kuchomelea vyuma kiwandani, na sasa huko anaigiza na kuongoza filamu. Lakini bado hufumba jicho moja kabla ya kuanza kazi, kana kwamba cheche zinamjia. Leo analifumba hapa Mitaboni, mbele ya mlango wa jirani yetu Mama Kalekye, nasi tulioshika shuka jeupe la kumulikia uso wake tunatetemeka kwa furaha. Katika filamu yake, yeye ni mwana aliyepotea miaka mingi. Mama Kalekye ni mama wa kumfukuza.

"Twende!" Anapiga hodi. Mlango unafunguka. "Karibu, mwanangu!" Tunacheka hadi shuka linacheza. "Mama, nifukuze," anamsihi, akisugua makovu ya moto mikononi. "Hii ndiyo sehemu ya mwisho, jua linaenda, na kesho niko na ndege."

"Nikufukuze aje na hujakunywa hata chai?"

Anapiga hodi tena. Mama Kalekye anamvuta ndani kwa mkono, anamkalisha, anampa kikombe. "Tusimamishe kamera?" mpiga picha ananong'ona. Yeye anatikisa kichwa, anakunywa mpaka mwisho, macho yote mawili wazi.

"Mama," anasema, "niongezee."