Kesi ya Mdogo Wake Bibi

Wiki iliyopita nilikuwa ndani ya gari, mtaa wa Ansab hapa Maskati, namsubiri binti yangu atoke masomoni, nikaingia kwenye kundi moja la mtandaoni ambamo watu wa kila pembe ya dunia wanakumbushana vipindi vya zamani vya televisheni. Mmoja wao alikuwa ameweka muziki wa kile kipindi cha watu waliotoweka. Nikwambie kweli, nywele zilinisimama. Nimeshapita miaka arobaini, ofisini nina watu wananiogopa, na nilifunga milango ya gari mchana kweupe.

Wakati ule tulikaa Hamriya, ghorofa ya pili, juu ya fundi cherehani ambaye mashine zake zilikuwa zikitikisa sakafu yetu kutwa. Baba alikuwa amenunua dishi, basi Alhamisi baada ya sala ya alasiri sebuleni hapakuwa na pa kuweka mguu. Palikuwa na chai ya maziwa yenye iliki, sahani ya vitumbua, na moshi wa udi wa tangu asubuhi ungali umenata kwenye mapazia. Kwanza kilikuja kipindi cha kuchekesha, cha familia ya baba, mama na watoto watatu wasiosikia la mtu. Kisha kikafuata kile cha waliotoweka, ambacho kila kisa kiliishia kwa picha, namba ya simu na swali lisilo na jibu.

Bibi hakujua Kiingereza. Mimi, mtoto wa miaka tisa, ndiye niliyekuwa mkalimani wake, na nilitafsiri huku nikichagua mchele kwenye sinia, maana kwetu hakuna mtoto aliyeruhusiwa kutazama televisheni mikono mitupu. Kile kipindi cha familia alikipenda sana, ila jambo moja lilimkera: wale watu wanaosikika wakicheka bila ya kuonekana.

"Wamekaa wapi hao?" alikuwa akiuliza. "Na mbona hawapewi hata chai?"

Kilichomfurahisha zaidi ni kuwa wakigombana, nusu saa haijafika washapatana. "Wallahi watu hawa wana bahati," alisema kila mara, kisha akageuza uso dirishani. Sikujua anamtazamia nani.

Kwenye kipindi cha pili mimi ndiye niliyeharibu mambo. Bibi akiuliza, "Huyu naye kafanya nini?" nilikuwa na jibu moja tu: "Amepotea, Bibi." Aliyetekwa amepotea, aliyezama amepotea, aliyemkimbia mkewe naye amepotea. Wewe unajua kwamba kwetu neno hilo ni jepesi. Mtu asipokuja kukutazama wiki mbili, siku akitokea mlangoni unamwambia umepotea, naye anacheka na kuingia ndani. Lakini mimi, Alhamisi baada ya Alhamisi, nilikuwa nimeshalijaza polisi na misitu na mbwa wa kunusa.

Siku moja alikuja jirani wetu wa mlango wa pili, mwanamke aliyekuwa na habari za Maskati nzima. Alipokwisha kunywa chai akamuuliza Bibi, "Na mdogo wako hajambo?"

"Yule? Kapotea," alijibu Bibi bila ya kuinua macho. "Mwaka wa tatu huu."

Mchele wangu ulimwagika wote.

Mdogo wake Bibi nilimkumbuka kwa mbali, kicheko chake na harufu ya mafuta ya karafuu. Nililigeuza nyuma daftari langu la hesabu nikaanza upelelezi: jina lake, umri wake, mara ya mwisho alionekana wapi, alivaa nini. Nilimuuliza Mama, akaniambia hayo ni mambo ya wakubwa. Nikaandika: Mama anaficha kitu. Ndani ya sanduku la Bibi nilipata picha ya wasichana wawili wa Unguja, wamevaa gauni za kitambaa kimoja na wameshikana mikono. Nilijifungia chooni nikalia, kwa sababu nilikuwa na hakika kuwa mmoja wao amezikwa jangwani na hakuna anayemtafuta ila mimi.

Picha ile nilimpelekea jirani kama shahidi. Aliitazama, akacheka mpaka kanga ikamwanguka kichwani.

"Huyu? Yupo Hail, mwanangu! Jumatatu nlikuwa naye arusini, kala biriani sahani mbili. Kapotea kwa bibi yako tu."

Ndipo akanieleza. Babu alipofariki, mdogo wake Bibi hakuonekana msibani. Alikuja siku ya nne, mabusati yashakunjwa, akalia kwamba hakuna aliyempa habari. Bibi hakuamini. Yeye aliona amedharauliwa, mdogo wake akaona amerukwa, khalas, kila mmoja akakaa kwake. Kutoka Hamriya mpaka Hail ni safari ya nusu saa tu kwa gari.

"Na nani alitakiwa ampe habari?" niliuliza, kalamu mkononi.

Jirani aliacha kucheka. "Simu zote alipiga baba yako," alisema.

Alhamisi iliyofuata, kipindi kilipomalizika, nilizima sauti, nikasimama mbele ya televisheni na kuisoma kesi yangu kwa sauti nzito ya mtangazaji. Mwanzoni walicheka wote. Nilipofika kwenye msiba wa Babu hakucheka mtu. Nilipofika kwenye simu, macho yote yalimgeukia Baba, naye akawa anatazama vidole vyake vya miguu.

"Nlisahau, Mama," alimwambia Bibi. "Siku ile kichwa changu hakikuwa changu. Nlipokuja kukumbuka mshagombana, nkaona haya kusema."

Nilingoja wakumbatiane, kama nilivyozoea kuona kila wiki kwenye kipindi cha familia. Hawakukumbatiana. Bibi alilivuta sinia langu akaanza kuchagua mchele mpaka punje ya mwisho. Niliogopa sana. Niliona nimeivunja nyumba yetu kwa daftari la hesabu.

Kesho yake, baada ya sala ya Ijumaa, alitoka chumbani amevaa buibui lake. Alimwambia Baba neno moja: "Gari."

Kule Hail alitufungulia mlango mdogo wake Bibi mwenyewe. Walitazamana.

"Umepotea," alisema mdogo mtu.

"Nlipotezwa," alijibu Bibi, na akamwonesha Baba kwa kidevu.

Walicheka na kulia kwa pamoja, wakaingia ndani wameshikana. Baba alibaki juani na boksi lake la halua mpaka mtu alipomkumbuka.

Tangu hapo yule bibi wa Hail hakukosa Alhamisi hata moja. Naye Kiingereza hakujua, kwa hiyo nilitafsiri kwa wawili, na walibishana juu ya muuaji ni nani mpaka chai ikapoa. Sasa wote wawili hawapo. Sebule yetu ni ofisi ya kusafirisha mizigo. Wanangu kila mmoja ana simu yake na vitu masikioni, wanacheka peke yao, kila mtu na chake, na nasema wazi kwamba inaniuma.

Lakini sijakata tamaa na sisi, kwa sababu ya Baba. Tangu siku ile ya Hail ndiye mpeleka habari wa ukoo mzima. Awe mtu kafariki, kaposa au kalazwa hospitali, Baba huchukua orodha yake ndefu na kupiga simu mpaka kila mmoja apokee, kisha huanza tena juu asije akawa amemruka mtu. Leo asubuhi amenipigia mara tatu kuniambia mjukuu wa yule bibi wa Hail amejifungua mtoto wa kike. Mimi habari nilishaipata kwa mzazi mwenyewe, na picha ya mtoto ninayo. Mara ya tatu nikampigia Baba kigelegele kirefu, kama ndiyo kwanza nasikia.