Ng'ombe wa Kwenye Kishikwambi

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la simu mjini Karatu, nangoja kubadilishiwa kioo, alipoingia mwalimu wa kike kutoka Piyaya, kijiji cha wafugaji. Akaweka kishikwambi cha shule juu ya kaunta.

"Kimegoma, madam?" akauliza mwenye duka, mzee wa kofia iliyodariziwa kwa mkono.

"Kizima kabisa. Nataka unitolee hizi picha za ng'ombe, uniwekee maharage."

Lilikuwa somo la hesabu la darasa la kwanza: kundi la ng'ombe, na swali wako wangapi. Darasa zima lilinyamaza. Kwao kuhesabu mifugo kwa kidole ni kuitafutia mkosi. Mchungaji hulitupia kundi jicho tu, akajua nani hajarudi.

"Kishikwambi kikasema wamekosa wote," mwalimu akaeleza. "Nikamwaga maharage mezani, mikono yote juu!"

Mzee akacheka mpaka kofia ikahama. "Madam, zama hizi bado mnaamini hayo?"

Mwalimu hakubishana. "Mzee wangu, Mungu amekujalia watoto wangapi?"

Mzee akairudisha kofia mahali pake, polepole. "Wapo. Alhamdulillahi, wapo wa kutosha."

"Haya." Mwalimu akamsogezea kishikwambi. "Weka maharage. Hayo tunahesabu wote."

Kila semina ya elimu ninayohudhuria nasikia kwamba walimu wa vijijini wanaiogopa teknolojia. Huyu wa Piyaya hakuiogopa hata kidogo. Aliipandisha gari, akaileta mjini ikafundishwe adabu.