Kivuli cha Asubuhi

Leo nimetoka shule nimechoka, na harufu ya maganda ya kahawa yaliyolowa imenikumbusha kwa bibi.

Nilikuwa mdogo. Tulianika kahawa kwenye kichanja, bibi akaniambia nimfunge mbwa wake kwenye nguzo iliyo kando ya kichanja, afukuze kuku na mbuzi kwa kubweka tukiwa shambani. Asubuhi ile nguzo ilikuwa ndani ya kivuli cha jiko. Niliuliza kama hatuwezi kumwacha ndani.

“Umtandikie na kitanda?” bibi akacheka. “Mbwa ni wa nje, mjukuu wangu.”

Tulirudi jioni. Kivuli kilishahamia upande wa pili wa jiko, na jua lilikuwa linampiga mbwa usoni. Alikuwa amezunguka nguzo mpaka kamba ikaisha, na bakuli la maji likabaki hatua mbili mbele yake. Aliponiona alitikisa mkia. Hapo ndipo nilipoumia, maana niliyemfunga ni mimi.

Bibi alifungua kamba mwenyewe, hakucheka tena. “Kahawa haijaguswa,” akasema taratibu.

Mbwa wetu wa sasa yuko uani, amefungwa tangu asubuhi. Nimeenda kumsogeza kivulini kabla sijavua viatu.