Vitabu Vilivyokwenda Shambani

Watu wengi wa kwetu wakisikia neno mkutubi, picha inayowajia ni ya mtu aliyekaa kwenye kiti akiwaambia wenzake wanyamaze. Mjomba wangu wa Chiwata, nilipomwambia nimeomba nafasi chuoni kusomea ukutubi, aliniangalia kama vile nimesema nakwenda kusomea kufunga mlango.

"Kulinda vitabu nako kunasomewa?" akauliza. "Na umri huo? Si bora urudi Tunduru ukapike?"

Tunduru nilikuwa nimepika kweli, kwa wachimba madini. Kabla ya hapo niliuza khanga Mtwara, nikafanya kazi ghalani Nachingwea, nikaishi Songea kwa muda ambao siku hizi naukumbuka kwa baridi yake na harufu ya maharage yanayochemka tangu alfajiri. Ndivyo nilivyo. Nikiwa mahali natamani kuondoka, na nikishaondoka napakumbuka mpaka nakosa raha. Kitu nilichohama nacho kila mahali ni cheti cha kidato cha nne, kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya nguo. Hicho ndicho kilichonifungulia mlango wa chuo nikiwa nimeshavuka miaka arobaini.

Chuoni darasa zima waliniita mama, na baadhi ya wakufunzi pia. Sikujali. Nilikuwa na mambo ya kujifunza. Kitabu kikifika shuleni hakirukii rafuni. Kinapigwa muhuri, kinaandikwa kwenye daftari la usajili, kinafunguliwa na kuangaliwa kinahusu nini hasa, kisha kinapewa namba ya mahali pake, ili mtu asiyekijua akipate bila kumtafuta anayekijua. Jambo hilo lilinigusa. Nimeishi kwenye miji mingi nikiuliza njia kwa watu wasio na haraka ya kunijibu, na hapa nilikuwa nafundishwa kazi ya kumwondolea mtu haja ya kuomba. Nilijifunza pia kushona kitabu kilichoachia kurasa, kupambana na mchwa bila kuharibu karatasi, na kumsikiliza mwanafunzi asiyejua anachotaka mpaka ajue.

Mitihani ya darasani nilifaulu. Ilibaki fildi: kuendesha maktaba ya shule hadi mkufunzi aje kuikagua. Asiporidhika, cheti hakuna. Niliomba Newala, kwa sababu niliwahi kuishi pale kwa shangazi nikiwa msichana, na sijaona kwingine kokote ukungu kama ule wa asubuhi, ukisimama ukingoni mwa mji unaliona bonde lote la Ruvuma limejaa weupe.

Nilipangiwa sekondari moja ya kutwa upande wa Makote. Mkuu wa shule alikuwa mtu wa Kanda ya Ziwa, aliyeletwa na kazi na akakaa. Alinipeleka mwenyewe hadi kwenye chumba chenye kibao kizuri kilichoandikwa MAKTABA, akafungua kufuli, na macho yangu yakaanza kutoa machozi. Ndani kulikuwa na salfa. Mifuko ya ule unga wa njano wa kupulizia mikorosho ilikuwa imepangwa mpaka dirishani, masalio ya upuliziaji wa shamba la shule, pamoja na mashine ya kupulizia na magunia matupu.

"Dada, ofisi yako hii."

"Mkuu, hii ni stoo."

"Ni maktaba. Kibao si unakiona?"

"Na vitabu?"

"Viko salama kabisa. Nyuma ya salfa. Hata mchwa hawavisogelei."

Kuhusu mchwa alisema kweli. Vitabu vilikuwa ndani ya maboksi, vingi bado vikiwa na nailoni yake ya kiwandani, vimekaa hivyo huku wanafunzi wakigombea kimoja darasani kwa dawati zima. Nilipomuuliza kwa nini, hakunificha. Wakaguzi waliwahi kuja wakakuta vitabu vimepungua, wakamsimamisha mbele ya walimu wake na kumhoji kama mtoto aliyevunja sahani. Tangu siku hiyo vitabu vilikuwa vya wakaguzi. Wakija wanavikuta vyote, vyeupe, wanaandika vizuri na kuondoka. Nilimwelewa. Mtu aliyeaibishwa mbele ya watu wake huwa na kumbukumbu ndefu. Lakini kumwelewa hakukunizuia kuanza kubeba mifuko.

Pa kuipeleka palikuwepo. Shule ilikuwa na vyoo vipya vya kuvuta maji, vilivyojengwa vizuri, vikakabidhiwa, vikafungwa, kwa sababu Newala maji ya kuvuta chooni yatoke wapi. Salfa ikahamia huko. Walimu walicheka wiki nzima. "Madamu, sasa choo chetu hakina mchwa," mwalimu wa Hisabati alikuwa akiniambia kila tunapopishana.

Nilifagia, nikafuta rafu kwa kitambaa kikavu kwa kuwa maji ya kuoshea hayakuwepo, nikapiga mihuri mpaka kiganja kikaota sugu. Nilibandika namba. Nilitengeneza kadi za katalogi kwa maboksi ya chaki yaliyokatwa. Wanafunzi walipoanza kuingia niliwafundisha kutafuta wenyewe, na kila aliyeniuliza "Madamu, kipo wapi?" nilimwelekeza kwenye kadi, sio kwenye rafu. Walinichukia kidogo mwanzoni. Baadaye wakaanza kushindana nani atakipata kwanza.

Kisha chumba kikaanza kupungua watu. Msimu wa korosho ulikuwa umefika. Asiyeujua msimu huo atashangaa, lakini sisi tumezaliwa ndani yake. Familia zinahamia mashambani, zinalala vibandani, kwa kuwa korosho hudondoka usiku kucha, na usipoziokota mapema ataziokota mwingine. Watoto wanakwenda na wazazi. Shuleni wanakuja leo, kesho hawaji, na wakija wanasinzia. Nikabaki na maktaba iliyopangika vizuri na mende wawili watatu.

Nikamwendea mkuu wa shule kumwambia nataka kuanza kuazimisha vitabu viende nyumbani.

"Wasome humu humu," akasema. "Kitabu kisivuke mlango."

"Mkuu, wasomaji wameshavuka."

"Basi wakirudi watavikuta."

"Wakirudi mtihani utakuwa umepita."

Alinyanyua kidole. "Dada, wewe uko hapa kwa muda. Ukaguzi wako ukiisha unaondoka zako. Mimi nabaki na hasara."

Neno hilo la kuondoka liliniuma, kwa sababu alinijua bila kujua kuwa amenijua. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuondoka kabla hasara haijaonekana. Nilirudi maktaba, nikafungua daftari la uazimaji, na mchana uleule nikaanza kuvitoa. Kila mwanafunzi aliweka sahihi, nikampa mfuko wa nailoni na maneno machache: usikilaze chini, usikunje ukurasa, kirudishe hata kikiharibika. Hasa hilo la mwisho. Mtoto anayeogopa kurudisha kitabu kilichoharibika ndiye anayekipoteza.

Jumamosi moja nilikwenda mashambani kuvifuatilia, kwa maana hiyo nayo ni kazi ya mkutubi ingawa hakuna anayeiona. Kwenye shamba moja nilimkuta bibi wa msichana wa kidato cha pili, amekaa kando ya turubai lililotandazwa korosho mbichi, nyingine bado zikiwa na vipande vya bibo, tunda lake, vilivyonata. Katikati ya korosho palikuwa na kitabu changu cha Biolojia, kimefunguliwa kifua juu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Ndiyo wewe mama wa vitabu? Umekuja kukinyang'anya?"

"Nimekuja kukitazama tu."

"Kitazame. Usiku mvua ilikipata, maji ya kwenye makuti. Tangu asubuhi nakigeuza, upande huu, upande huu. Usinifundishe kuanika, mimi nimeanika korosho mama yako akiwa bado ananyonya."

Alikuwa amekianika kama anavyoanika kitu cha thamani. Ukurasa baada ya ukurasa aliufungua kwa kidole kilichobabuliwa na mafuta ya maganda, akaugeuzia juani, na kila alipogusa pakabaki doa la kahawia. Pembe nzima ilikuwa imekunywa maji ya bibo.

"Bibi, doa la bibo halitoki."

"Kwani kinakwenda harusini?"

Mjukuu wake akaziba mdomo asicheke. Bibi akaendelea, amekaza uso. "Huyu ananisomea tukipumzika. Jana kaniambia moyo una vyumba vinne. Mimi nina chumba kimoja na jiko la nje, moyo wangu umenizidi."

Nilikaa nao mpaka jua likawa kali. Nilimsikiliza msichana akisoma mzunguko wa damu huku bibi akitenganisha korosho na mabibo, akimkatiza kuuliza damu ikirudi inapita wapi. Nimewahi kukaa kwenye maktaba kubwa ya mkoa yenye feni na meza za kung'aa. Sikuwahi kuona kitabu kikifanya kazi namna ile.

Vitabu vilirudi. Karibu vyote vilirudi, na vingi vilikuwa na madoa, vumbi, pembe zilizopinda, kimoja kikinuka uraka, pombe ya mabibo, kama kimetoka ngomani. Nilivishona, nikavipiga pasi kwa chupa ya maji ya moto, nikavirudisha rafuni kwa namba zake. Mkuu wa shule alivipitia kimoja kimoja, mikono nyuma. Asubuhi ya siku ya mkufunzi aliingia na gunia tupu.

"Dada, tusaidiane. Hivi vibovu weka humu, tuvipeleke kwenye salfa mpaka mgeni aondoke. Vipya tupange mbele. Wewe unapata cheti chako, mimi napata usingizi wangu."

Hakuwa anatania. Na nitasema ukweli, gunia lile nililiangalia. Nilijua utunzaji wa vitabu una alama zake kwenye fomu ya mkufunzi. Nilijua pia kwamba kwa umri wangu hakuna chuo kingine kitakachonisubiri, na mjomba alikuwa Chiwata na sentensi yake ya Tunduru imeshaiva. Ilikuwa kazi ya dakika chache tu.

"Hapana, mkuu."

"Utaanguka."

"Nitaangukia hapa hapa, vitabu vikiwa rafuni."

"Ukaidi huu umeufundishwa chuoni?"

"Huu nilikuja nao kutoka nyumbani."

Mkufunzi alifika kabla ya saa nne, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, mkali darasani na mkali zaidi nje ya darasa. Aliulizia kadi, nikamwonyesha. Alitaja somo, akatafuta mwenyewe, akakipata kitabu. Alipokitoa kilikuwa kile cha Biolojia. Alikifungua, kurasa zikalia kama majani makavu.

"Mama, hiki kimeliwa na nani?"

"Kimesomwa shambani. Kilinyeshewa, wakakianika na korosho."

"Nani aliruhusu kiende shambani?"

Mkuu wa shule alikuwa amesimama mlangoni. Nilijibu, "Mimi. Mkuu wa shule alikataza, mimi nikaruhusu. Jina la aliyekichukua liko kwenye daftari, na tarehe aliyokirudisha."

Alilipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Kwenye utunzaji nakuangusha. Sitoi alama kwa maelezo. Ulipaswa kuwapa majalada magumu, ulipaswa kuwafundisha na wazazi, ulipaswa kuelewana na uongozi kwanza. Mengine nitajumlisha nikifika chuoni."

"Sawa, madamu."

Aliendelea kuandika. Nje wanafunzi waliokuja siku hiyo walikuwa wameshapanga foleni, ndoo za maji wanazotakiwa kuja nazo shuleni zikiwa miguuni, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na kesho yake wangekuwa mashambani. Mkuu wa shule akaninong'oneza, "Leo usiazimishe. Mgeni bado yupo."

Nikatoa daftari, nikachomoa kalamu kwenye kilemba, nikamwita wa kwanza. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. Yule msichana wa kidato cha pili alikiomba tena kile kitabu cha Biolojia, maana bibi alikuwa amefika kwenye figo. Nikakigongea muhuri wa tarehe mbele ya mwanamke aliyekuwa amekishika dakika chache zilizopita na kuniangusha kwa sababu yake. Alitazama, akarudi kwenye karatasi zake. Sikujua anaandika nini, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Cheti kilikuja baada ya miezi, daraja la chini kabisa la kufaulu. Alama ya utunzaji imekaa pale kwenye matokeo kama doa, na sijawahi kukata rufaa. Alichosema kuhusu majalada magumu na wazazi kilikuwa sahihi, na nimekifanya. Kuhusu uongozi, bado tunajaribu. Bodi ya shule iliponipa kazi ya kudumu pale pale, mkuu wa shule aliniita ofisini akarudia: ndani ya chumba uko huru, nje ya mlango hapana.

"Niandikie barua ya kunikataza," nikamwambia. "Nitaibandika mlangoni, na chini yake nitabandika saa za kuazimisha."

"Na wakaguzi wakija?"

"Waje msimu wa korosho. Nitawapeleka kila shamba lenye kitabu. Wavae viatu vya kutembelea."

Aligeukia kazi zake. Barua hajaiandika mpaka leo. Msimu huu vitabu vimeshatoka.