Maoni Yangu ya Kitabu cha Nne

Ninyi mliopeleka kuni shuleni kila Ijumaa na kunywa uji kwa vikombe vya plastiki vilivyochorwa majina kwa msumari wa moto, ninyi ndio ninaowaandikia. Hawa wa siku hizi siwezi kuwaeleza, na leo sina nguvu za kujaribu. Nimetoka kazini, miguu imevimba, na kuna jambo la utotoni ambalo limenirudia wiki hii na kukataa kuondoka.

Shuleni kwetu, huko Nyandarua kwenye baridi ya kuuma masikio, maktaba ilikuwa sanduku moja la mbao chini ya meza ya Mwalimu Gathoni, aliyetufundisha Kiswahili. Ndani yake kulikuwa na vitabu vya kila aina, vingi havina mwanzo au havina mwisho, lakini hazina yenyewe ilikuwa Ngome Tisa, kitabu cha kwanza hadi cha tano. Mnaokumbuka mnakumbuka. Kwa ambao hawakubahatika, ni hadithi ndefu ya nchi ya kubuniwa yenye ngome tisa juu ya milima, wachawi, vita visivyokwisha, na msichana aitwaye Nyange anayeshika funguo za lango la ngome ya kwanza. Tulimpenda Nyange kuliko tulivyowapenda baadhi ya jamaa zetu. Wakati wa mapumziko tuligombania nani awe yeye, na funguo zetu zilikuwa vifuniko vya soda tulivyovitunga kwenye waya. Aliyepata kuwa Nyange alitembea akichakarisha vifuniko hivyo hadi kengele ya darasa.

Kila kitabu kilivalishwa kava ya karatasi ya kaki, na Mwalimu Gathoni alikuwa na sharti lake. Hupewi kitabu kinachofuata mpaka uandike maoni yako kuhusu kile ulichomaliza, upande wa ndani wa kava, mistari isiyozidi mitatu, kisha jina na darasa. "Mtu amekusimulia kitu kirefu hivyo, halafu unamwondokea kimya?" alikuwa akituuliza. Kufuta kwa raba kulikatazwa. Ukibadili mawazo uliruhusiwa kuandika chini yake kwamba umeyabadili, ila yale ya kwanza yanabaki pale pale, kila mtu ayaone. Sikumbuki hata mtoto mmoja aliyewahi kubadili. Tulikuwa na uhakika na kila kitu.

Jumamosi alasiri mimi na mdogo wangu Nyambura tulikaa nje ya jikoni na Mama, sufuria ya githeri, mahindi kwa maharagwe, ikitokota ndani, moshi ukituuma macho. Mmoja alisoma kwa sauti, wengine wakamenya minji, yaani njegere. Kucha zilitugeuka kijani, na hadi leo nikishika ganda la minji mbichi nasikia sauti ya farasi. Mama hakuwahi kukaa darasani, lakini ukiruka ukurasa alijua. "Soma polepole," alikuwa akisema, "hao farasi hawaendi popote."

Basi kikaja kitabu cha nne. Ngome ya kwanza inakumbwa na njaa. Malkia wa nchi ya mbali anakubali kuleta nafaka, mradi Nyange aende kwake akamlindie lango. Nyange anakubali. Ukurasa wa thelathini anamkabidhi mwingine funguo, anapanda farasi, na kitabu kizima kilichobaki hatumwoni tena.

Shule nzima ilinuna. Kijana mmoja wa darasa la saba aliandika kwamba mwandishi alikuwa amelewa, akafagia darasa wiki nzima kwa ajili ya maneno hayo. Mimi nilikuwa darasa la sita. Nilikandamiza penseli hadi karatasi ikataka kutoboka: "Nyange ni msaliti. Amewaacha watu wake wakati wa shida. Asirudi tena." Nikatia jina, Wangari, kwa mbwembwe. Chini yangu Nyambura, wa darasa la nne, herufi zake zikipanda mlima, aliandika neno moja tu: "Angeaga." Mwalimu alilisoma neno hilo, kisha akatupatia kitabu cha tano bila kudai zaidi.

Mama naye alikuwa na maoni yake, ila hayakuandikwa popote. Tulipomaliza kusoma aliuliza, "Na mama yake huyo msichana yuko wapi kwenye kurasa zote hizo?" Tukamwambia kitabu hakisemi. Akatupa ganda kwenye ndoo. "Basi hakijaisha," akasema, akachukua konzi nyingine ya minji.

Kitabu cha tano kilikuwa vita mwanzo hadi mwisho, na baada yake mwandishi akanyamaza. Tukangoja kitabu cha sita hadi tukachoka, tukabaleghe, tukaenda kutafuta maisha. Mimi maisha yalinileta Dubai. Nilikuja kwa miaka miwili na sasa ni kumi na mmoja. Ni mlinzi kwenye jumba moja la maofisi huku mtaa wa JLT, kutwa nimesimama mlangoni nikiuliza watu majina yao na wanaenda kwa nani. Nilipoondoka nyumbani Nyambura alikuwa chuo cha ualimu. Nilimpigia simu kumwambia naondoka nikiwa tayari uwanja wa ndege.

Habari za kitabu cha sita nililetewa na Kendi, msichana wa Meru anayelala kitanda cha juu yangu chumbani kwetu mtaa wa International City. Ana miaka ishirini na mitatu na huniita aunty, jambo ambalo bado sijamsamehe.

"Aunty, ile story yako ya mangome imetoka part six. Mimi nimeipa nyota mbili."

"Umeisoma?"

"Nimesikiliza kidogo, double speed. Haina action. Sikumaliza, lakini vibe yake nimeicheki."

Nyota mbili. Bila mstari hata mmoja, bila jina, bila darasa. Enzi zetu angefagia hadi shule ifungwe. Nikafungua simu nione wengine wanasemaje, nikakuta watu wazima, wa rika letu hasa, wanalia kama wamenyang'anywa chakula. Mmoja wa Morogoro ameandika: "Miaka yote hii nasubiri vita vya ngome ya tisa, naletewa mtu anachota maji." Wa Mombasa akamjibu: "Kurasa mia mbili Nyange yuko kwa mamake anaosha vyombo. Mwandishi kazeeka, tumwache apumzike." Mwingine anasema kinafaa kulazia watoto. Yupo na aliyeomba asimuliwe mwisho ili asisumbuke kusoma, na akasimuliwa. Nilisoma maoni hayo stesheni baada ya stesheni, nikiwa nimeshika nguzo ya metro kwa mkono mmoja.

Wiki hiyohiyo Nyambura akanitumia picha kwa simu. Siku hizi anafundisha shule ileile, na walikuwa wakiondoa takataka stoo walipolikuta sanduku. Picha ilikuwa ya kava ya kitabu cha nne, upande wa ndani. Ilinifikia nikiwa mlangoni, namwelekeza mleta chakula atumie lifti ya nyuma. Nikakutana na mwandiko wangu: Asirudi tena. Nikarudisha simu mfukoni, nikamwita sir mtu aliyekuwa madam.

Naomba mnielewe. Mama amekuwa msahaulifu. Kila jioni saa kumi anamuuliza Nyambura kama nimeshatoka shule. Nyambura hajawahi kuniambia nirudi, hata siku moja. Nikipiga simu ananiambia, "Tuko sawa, dada," na ninausikia uchovu wake kwa sababu wangu unafanana nao. Na ndani ya mkoba wangu kulikuwa na fomu ya kuongeza mkataba miaka miwili mingine. Msimamizi wetu alishaniuliza mara tatu. "Wangari, yalla, haraka, fomu Alhamisi. Tia sahihi tu, khalas, imekwisha." Mikataba mingine yote nilitia sahihi nimesimama, bila hata kukaa. Hii niliibeba siku tisa.

Ndipo nikakisoma kitabu cha sita, siku nne, kwenye basi, kwenye metro, na wakati wa chakula cha mchana nikiwa nimeegemea ukuta wa chumba cha walinzi. Nyange anarudi sura ya pili. Hakuna ngoma wala tarumbeta. Langoni yupo mlinzi mgeni asiyemjua, anamuuliza jina lake na anaenda kwa nani. Anajibu kwamba anaenda kwa mama yake. Kumbe alikuwepo mama miaka yote, ndani ya ngome ileile, na sisi shule nzima hatukuwahi kumuuliza mwandishi, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya minji. Baada ya hapo ni kweli, ni kurasa mia mbili za kuchota maji, kupepeta nafaka, na mama kuuliza swali lilelile na binti kulijibu tena kama vile ndiyo mara ya kwanza. Yule wa Morogoro hakudanganya. Vita havimo. Nililia ndani ya metro mchana kweupe, hadi dada mmoja wa Kifilipino akanipa tishu bila kuniangalia.

Jumatano nikamwandikia Nyambura. Nilimwambia asiitupe ile kava, na chini ya maoni yangu aniandikie: "Nimebadili mawazo. Arudi. Wangari."

Nikaona anaandika, anaacha, anaandika tena. Kisha jibu likaja: "Unajua sheria ya Mwalimu. Kila mtu huandika kwa mkono wake. Njoo uandike mwenyewe, dada. Penseli ninayo."

Alhamisi nikarudisha fomu bila sahihi. Msimamizi akauliza kama kuna tatizo, nikamwambia hapana, nimemaliza tu. Akasema inshallah nitarudi, wote hurudi. Huenda anasema kweli, ameona wengi kuliko mimi. Kendi aliniuliza nikifika huko nitafanya nini, nikamwambia nitamenya minji, akacheka sana akidhani ni utani.

Sijidanganyi kwamba naenda kupumzika. Naogopa. Inawezekana nitafika mlangoni na Mama aniulize mimi ni nani, na jibu langu asilikumbuke hadi kesho yake. Nimechoka huku na nitachoka kule, lakini kule Nyambura hatachoka peke yake tena, na hilo ningepaswa kulifikiria mapema zaidi.

Nikiwaza zile Jumamosi za kitabu kimoja kwa watu watatu, nashangaa tulivyokuwa na haraka ya kufika kitabu kinachofuata. Siku hizi mtu anatoa maoni kuhusu kitabu akiwa popote, amejilaza, hata hajakifungua, na hakuna anayemuuliza jina. Enzi zetu ilibidi uwepo, kitabu kikiwa mkononi, na kava iwe na nafasi. Nimemuuliza Nyambura kama nafasi bado ipo. Amesema chini ya neno lake kuna mistari mitatu mitupu.