Ng'ombe wa Mama Ukutani

Sebule yetu pale Garissa ilikuwa na kochi la watu watatu, kabati la vyombo, saa iliyozoea kuchelewa na, kwenye ukuta mrefu kuliko zote, bei za hisa za Nairobi. Ili bei zipate nafasi, baba alilisogeza kabati mpaka mlango wa chumbani ukawa haufunguki wote. Kwa miaka miwili tulienda kulala kwa kupita ubavu.

Baba alifanya kazi ofisi ya maji. Kila asubuhi alishuka mtoni kusoma kina cha Tana kwenye nguzo yenye alama, kisha akakichora kwenye karatasi ya miraba. Aliipenda kazi ile kupita kiasi. Mto ukishuka namna hii, alikuwa akituambia, msiogope, ngojeni, utapanda. Na kweli ulipanda. Mto ulimharibu baba yangu kuliko tapeli yeyote, maana haukumdanganya hata mara moja.

Mambo ya hisa alifundishwa na jirani yetu, mwalimu wa hesabu kutoka bara, upande wa Nairobi, aliyehamishiwa kwetu akawa anaishi peke yake nyumba ya pili. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, na watu wa mishahara walikuwa wameanza kununua vipande vya makampuni. Gazeti lilikuja na basi, na basi lilikuja na msafara wa polisi kwa hofu ya majambazi. Siku ambayo msafara haukufika, bei nazo hazikufika, na baba alishinda nje akitazama barabara.

"Mwalimu, gazeti imekuja?"

"Bado, mzee."

"Na wewe hapana haraka?"

Mwalimu alimfundisha hivi. Chukua bei za siku tano, zijumlishe, gawanya kwa tano. Hiyo ndiyo alama ya leo. Kesho dondosha bei ya zamani, ongeza mpya, gawanya tena. Fanya hivyo hivyo kwa siku ishirini. Wastani mfupi hukimbia, wastani mrefu hujikokota. Mfupi ukiukata mrefu kwenda juu, nunua. Ukiukata kwenda chini, uza, tena usiulize mtu.

Karatasi ya miraba ilikuwa mali ya serikali, na baba hakuwa mwizi wa serikali. Alikuwa mwizi wa nyumbani. Mama alishona foronya na vitambaa vya makochi kwa cherehani ya mkono, basi baba akachukua pini zake. Akachukua futi yake ya kupimia, akaipigilia misumari ukutani, wima, iwe kipimo cha bei. Akachukua uzi mwekundu kwa wastani mfupi na mweusi kwa wastani mrefu. Hesabu alizifanya kwa chaki ubavuni mwa kabati. Mama akabaki kupima vitambaa kwa shubiri, na wateja wakaanza kununa. Mgeni akiuliza yale ni nini, baba alieleza mpaka chai ikapoa.

Hisa aliyoifuata ilikuwa ya kampuni ya biskuti. Tatizo ni kwamba mshahara wake ulikuwa unatosha kula biskuti zake tu.

Ila mama alikuwa na ng'ombe. Walikuwa kijijini Balambala kwa ndugu yake, ambaye sisi tulimwita abti, yaani mjomba. Babu alimpa mama ng'ombe hao siku alipoolewa, na walikuwa wamezaana. Hawakuwa wa baba. Kwetu, mwanamke aliyeolewa mbali hubaki na kwao kwa sababu ya wanyama wale: ndama akizaliwa, analetewa habari, kukiwa na msiba, mnyama wake huchinjwa na watu husema ni wa fulani, ukoo ukikaa kikao, jina lake hutajwa. Mama angeweza kukaa miezi bila kuwaona, lakini aliwajua kwa rangi na kwa mama zao. Mara nyingi nilimkuta kwenye cherehani midomo ikicheza, nikajua anawapitia mmoja mmoja.

Uzi mwekundu ulipoukata mweusi kwenda juu, baba alituita wote tuje tuone. Siku iliyofuata aliomba ruhusa kazini, akaenda Balambala kumwambia abti kwamba mama ameamua kuuza. Kwa mama hakusema neno.

Abti hakuwa mtu wa kutoa mali ya dada yake kwa maneno ya shemeji. Alikuja Garissa mwenyewe, akaketi kwenye kochi letu, miguu yake ina vumbi la njia nzima.

"Abaayo," alimwambia mama, yaani dada yangu, "mumeo anasema umekubali ng'ombe wauzwe. Nataka neno lako, si lake."

Mama alimtazama baba. Baba alikuwa anazitazama pini. Kama mama angesema hapana, mumewe angekuwa mwongo mbele ya wakwe zake, na habari ile ingefika kila kisima kabla ya wiki kwisha. Mama alilelewa kumsitiri mtu, hata mtu asiyejisitiri.

"Nimekubali," alisema.

Mimi nilikuwa nimesimama na birika la chai. Nilijua hakukubali, kwa sababu ndiyo kwanza alikuwa anasikia. Nilimchukia baba siku ile, na wallahi sijamaliza.

Ng'ombe waliletwa kwa miguu mpaka soko la mifugo la Garissa, wakauzwa. Mama hakwenda kuwaona. Ikaja karatasi ya hisa kutoka Nairobi, nzuri, yenye muhuri, baba akaiweka kwenye kabati la kioo, katikati ya vikombe vya wageni. Bei ikapanda kidogo. Loo, mtu alitembea kwa madaha! Akaleta mkebe wa biskuti za kampuni ile, akatukataza za kampuni nyingine, na kila tulipotafuna alisema tunajitajirisha wenyewe. Mama alisema zinamkwama kooni.

Kisha uzi mwekundu ukaanza kuinama, na siku moja ukaukata mweusi kwenda chini. Mwalimu aliuza zake juma lile lile. Alikuja kumwambia baba, hata kitini hakukaa.

"Mzee, uza. Alama ndiyo hiyo."

Baba alicheka. "Mwalimu, wewe mtu ya bara. Hujafuga. Mnyama ikikonda hapana peleka soko. Unangoja mvua."

"Hisa hainyeshewi, mzee."

"Kila kitu iko na mvua yake."

Nami ningekuwa mwongo nikisema maneno yale ni ya kijinga. Hata abti angemwunga mkono. Anayeuza ng'ombe aliyekonda wakati wa ukame huchekwa mpaka kaburini, na kwa akili hiyo ya kungoja watu wetu wamevuka kiangazi baada ya kiangazi. Baba aliichukua akili ya visimani, safi, bila kasoro, akaipeleka mahali ambapo hakuna wingu. Alama ya kuuza alikuwa nayo ukutani, ameitundika kwa mkono wake. Akaingojea mvua.

Bei ikashuka. Pini zikateremka ukutani mpaka zikaingia nyuma ya kochi, na baba akalisogeza kochi. Mwishowe ng'ombe wote wa mama walikuwa na thamani ya beberu mmoja, tena mzee.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba ikaja mvua ya kweli, ile iliyoukata mji na kuligeuza bonde zima kuwa ziwa. Nyuma yake ikaja homa ya mifugo. Wanyama wa Balambala waliosalimika na maji waliuawa na homa, na abti alibaki na wanyama wa kuhesabika. Habari zilipofika, baba alikuwa na wageni sebuleni.

"Mnaona?" aliwaambia. "Ningewaacha kule, wangekufa wote. Mimi niliwaokoa."

Wageni walicheka, wakasema kweli, Mungu ana njia zake. Mama aliwamiminia chai.

Barabara ilipofunguka, ukoo ulikaa kikao Balambala. Desturi ni kwamba waliobakiwa hutoa, na waliokufiwa na mifugo hupewa, ili kila mtu awe na pa kuanzia. Nilimsindikiza mama. Tulikaa upande wa wanawake, na majina yakasomwa: huyu mtamba, yule mbuzi wawili. Alitajwa hata mjane aliyekuwa na mbuzi mmoja maishani mwake. Mama alijifunika vizuri, akangoja. Watu walipoanza kutawanyika, abti alikuja akachuchumaa mbele yake.

"Abaayo, wewe hukufiwa," alisema taratibu. "Uliuza, kwa mdomo wako. Ningesema nini mbele ya watu?"

Hapo angeweza kumwambia. Nilimvuta shela aseme. Akaitoa mkononi mwangu, akainuka.

Nyumbani baba aliuliza wamesemaje.

"Bora ungeacha wafe wakiwa wangu," mama alimjibu. "Leo ningetajwa."

Baba akauliza kama kuna chai.

Mama hakukanyaga tena Balambala mpaka abti alipofariki. Tulipofika msibani, wanawake wa kwao walikuwa wanachota maji, wanapika, wanaosha vyombo, wanalia. Mama alikunja mikono ya nguo yake aingie kazini. Msichana mmoja aliyetumwa na wakubwa akamwahi, akamletea kiti cha wageni.